Kutafuta shamba la renji ya masafa marefu Kenya: maswali ambayo watu wanauliza kila siku

Haya maswali yanajirudia sana, mtu akishaona shamba refu tambarare anaanza kuota mita 1000, kwa hivyo nimeyaweka hapa yote pamoja. Ninaongelea renji ya wazi ya bunduki za kulenga mbali, si ile ya bastola ya mita 25 ndani ya ukumbi, hiyo ina mambo yake.

"Masafa marefu" ni kuanzia umbali gani?

Kila mtu na lugha yake. Wengi wakisema masafa marefu wanamaanisha kuanzia mita 500 au 600 kwenda juu, na ndoto ya kila mtu ni yadi 1000, yaani mita 914. Mita 300 bado ni umbali wa heshima, na ukweli ni kwamba walengaji wengi hapa kwetu wakipewa mita 300 safi wataridhika kabisa. Nitarudi kwa hilo chini.

Boss, niko na ekari 20 Kajiado, ndefu na nyembamba, kama mita 900 kwa 90. Si hiyo imekaa renji kabisa?

Imekaa renji kwa karatasi tu. Hesabu inayofanywa na watu wengi ni ya kutoka kwa mlengaji mpaka kwa shabaha, na hiyo ndio sehemu ndogo ya kazi. Swali ni risasi iliyokosa shabaha itaenda wapi.

Risasi ya kawaida ya 7.62 ya NATO ikipigwa kwa pembe inayoipeleka mbali zaidi inaweza kufika kilomita 4 na kidogo. 5.56 inafika karibu kilomita 3 na nusu. Ile kubwa ya .50 inapita kilomita 6. Hata kale karisasi kadogo ka .22 ambako watu hukachukulia kama mchezo wa watoto kanaweza kufika kama kilomita moja na nusu. Na si lazima bunduki ielekezwe juu sana ndio hiyo itokee, pembe ya umbali mkubwa zaidi ni kama digrii 30 hivi, si 45 kama tulivyofundishwa shule, sababu hewa inaivuta risasi nyuma.

Sasa chukua kilomita 4.1 kutoka pale mlengaji analala, uache digrii 5 tu kila upande, uchore ile pembetatu kwa ramani. Inakuja ekari 360 na kitu. Na hapo sijaongeza eneo la risasi zinazodunda, ambazo zinaenda kando kuliko hizo digrii 5. Ekari zako 20 ni kale kamstari kembamba katikati, zingine zote ni za jirani, na jirani ana ng'ombe.

Alafu kuna kitu cha kwetu hasa. Jedwali nyingi unazopata mtandaoni zimepigwa hesabu za usawa wa bahari. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu, sehemu kubwa ya Laikipia iko juu zaidi. Hewa ni nyepesi, risasi inaenda mbali kuliko jedwali inavyosema. Kwa hivyo zile kilomita 4.1 zichukue kama kianzio, usizichukue kama mwisho.

Haimaanishi lazima ununue ekari 400. Inamaanisha lazima kitu kisimamishe risasi, ama uwe na mamlaka juu ya ardhi yote ambayo risasi inaweza kufika. Hakuna njia ya tatu.

Si nitajenga tuta kubwa la udongo nyuma ya shabaha?

Jenga, lazima liwepo. Lakini angalia namba. Tuta la mita 6 (futi 20, ambao ni urefu unaopendekezwa sana) likiwa mita 1000 mbele, kwa jicho la mlengaji linafunika theluthi moja tu ya digrii. Mtu akikosea digrii moja juu, ile risasi kwa mita 1000 iko mita 17 juu ya pale ilitakiwa iwe, inapita juu ya tuta kama ndege. Na digrii moja ni nini? Ni mtu amebonyeza kifyatulio wakati bado anarekebisha kile kimfuko cha mchanga chini ya kitako.

Mita 100, hilo tuta la mita 6 linafunika zaidi ya digrii 3. Ndio maana tuta linafanya kazi nzuri kwa renji fupi, na kwa ndefu linabaki la kukamata risasi nzuri tu. Zile mbaya zinahitaji kilima.

Kilima kinachofaa kinakaa aje?

Kilima cha mita 100 juu ya usawa wa shabaha, kikiwa mita 1000 mbele, kinafunika karibu digrii 6. Hapo sasa unaanza kupumua. Unachotafuta ni:

- Mteremko unaomtazama mlengaji uwe mkali, usiwe wa kulala lala. Risasi ikigonga mteremko wa kulala inadunda na kuendelea na safari.
- Uso wake uwe udongo. Hiki ndicho kinachoua sehemu nyingi nzuri za Magadi na kaskazini, kilima kiko, kirefu, kizuri, lakini ni mwamba mtupu wa lava, na mwamba unarudisha risasi popote unapotaka. Ukikipenda hivyo hivyo, itabidi ubebe udongo safi usio na mawe ujenge tuta pale chini, na mwamba ubaki wa kukamata zile zilizopotea.
- Mgongoni kusiwe na watu. Hii nitaiongelea kivyake.

Mpangilio ninaoupenda mimi ni bonde: mlengaji analala upande mmoja, shabaha ziko upande wa pili chini ya kilima kirefu zaidi. Ukiwa juu kidogo ya shabaha, risasi inaingia ardhini kwa kuchimba badala ya kuteleza. Epuka tambarare ngumu iliyokauka katikati, na epuka maji, maana risasi inayogusa maji kwa pembe ndogo inaruka kama jiwe bapa la watoto ziwani. Silanga ya kunyweshea ng'ombe kati ya mlengaji na shabaha ni hapana, hata kama imekauka, sababu Aprili itajaa.

Renji itazame upande gani?

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanasema elekeza kaskazini ili jua liwe mgongoni. Sisi tuko kwa ikweta, Juni jua liko kaskazini kidogo, Disemba liko kusini kidogo, kwa hivyo kaskazini na kusini zote sawa, shida yetu ni mashariki na magharibi. Jua la saa kumi na moja jioni likiwa ndani ya darubini yako huoni shabaha, na mbaya zaidi huoni mtu aliyeingia kwa renji.

Hapa ndipo Bonde la Ufa linatuchezea. Zile kuta nzuri za miamba za upande wa Magadi zimepangika kaskazini kwenda kusini, ndivyo ardhi ilivyopasuka. Ukitaka kutumia ukuta kama kizuizi lazima utazame mashariki au magharibi. Inawezekana, watu waelewane tu: ukuta ukiwa mashariki, lenga mchana na jioni. Ukuta ukiwa magharibi, lenga asubuhi na ufunge mapema. Kwa kweli asubuhi ni bora hata kwa sababu nyingine, kuanzia saa nne joto likipanda ile hewa ya moto inacheza ndani ya darubini mpaka shabaha inaonekana kama inaogelea.

Na udongo? Black cotton, ule mweusi wa mfinyanzi, ni shida?

Kwa kusimamisha risasi si mbaya, hauna mawe. Kwa ujenzi ni balaa. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikija tuta linavimba na kuteremka, na gari lako linabaki huko mpaka trekta lije. Kama eneo ni black cotton yote, panga pesa ya barabara kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Murram ni nzuri kwa barabara lakini kwa uso wa tuta hapana, ina vijiwe.

Kuna jambo la risasi yenyewe pia, yaani madini. Risasi ni sumu, na udongo wenye asidi unaiyeyusha polepole mpaka inaingia kwa maji. Udongo mwekundu wa huko juu kwenye majani chai una asidi, tambarare kavu nyingi za bondeni hazina. Mapendekezo ya Marekani ni pH kati ya 6.5 na 8.5, chini ya hapo unaongeza chokaa. Pima udongo, ni kazi rahisi na ya bei nafuu ukilinganisha na kesi ya jirani ambaye kisima chake kiko chini yako. Alafu usiweke tuta pale mkondo wa mvua unapita, hata kama ni mkondo mkavu miezi tisa.

Broka ananiambia "hapa hakuna mtu, ni pori tupu mpaka kule kwa mlima." Nimwamini?

Broka hajawahi kuona mtu mahali popote anapouza.

Nenda nyuma ya kile kilima kwa miguu. Narudia, kwa miguu, si kwa droni. Droni itakuonyesha mabati, haitakuonyesha njia ya mbuzi. Tembea mgongo mzima wa kilima ukiangalia chini: mavi ya mbuzi mabichi, majivu, shimo la kuchomea makaa, vijiti vilivyokatwa juzi, chupa ya soda, alama ya tairi la bodaboda. Ukipata njia iliyokanyagwa mpaka udongo umekuwa unga, hiyo njia inatumika kila siku, na watu hawaachi njia ya mababu zao kwa sababu wewe umepandisha bendera nyekundu. Ukikutana na mzee anachunga, msalimie vizuri, kaa naye chini ya mti, muulize maji yako wapi na wakati wa kiangazi mifugo inapitia wapi. Dakika 20 za huyo mzee zinashinda ramani zote.

Na uende mara mbili. Wengi wanaenda kuangalia ardhi wakati wa mvua kila mahali kijani, mifugo imetawanyika, kweli hakuna mtu. Rudi kiangazi, Februari au Septemba, uone ni boma ngapi zimehamia karibu na maji ya kudumu. Nenda siku ya soko pia na Jumapili, ujue watoto wanapita wapi.

Kabla ya kutembea, tumia ramani za Survey of Kenya za 1:50,000, chora ile pembetatu, na uangalie picha za setilaiti za miaka tofauti. Mabati yakiongezeka kila picha, ondoka.

Kuna mtu amenipa ardhi ya group ranch, mwenyekiti amekubali. Iko sawa?

Mwenyekiti peke yake hawezi kukubali kitu kama hicho. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii yanataka mkutano wa jamii, na theluthi mbili ya wanachama watu wazima wakubali. Ukipita njia ya mkato unapata karatasi na unapata maadui.

Na uelewe historia unayoingia nayo. Huko Samburu na Laikipia, sehemu za Archers Post na Dol Dol, watu waliumia na wengine kufa kwa miaka mingi kutokana na mabomu yaliyobaki ardhini kwenye maeneo ya mazoezi ya kijeshi, mpaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200. Renji ya bunduki za michezo haiachi mabomu, hiyo mimi na wewe tunajua, lakini mama aliyepoteza mtoto hana sababu ya kukuamini kwa maneno. Nenda na baraza, jibu maswali yote, onyesha ramani, na kama jibu ni hapana basi ni hapana.

Nianzie wapi na vibali?

Anzia kwa silaha, si kwa ardhi. Mambo yote ya bunduki yako chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Bodi ya Leseni za Silaha. Waone kabla hujamlipa mtu yeyote, sababu wao wakikataa mahali, hilo shamba lako linarudi kuwa la mbuzi. OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo na chifu wajue mapema pia, si kwa kusikia mlio.

Alafu zinakuja: kaunti kwa kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya 2019, NEMA (mamlaka ya mazingira) kwa tathmini ya mazingira chini ya EMCA, sheria ya mazingira ya 1999, na bodi ya ardhi kama ni ardhi ya kilimo. Kama mwenzako kwa biashara si raia, ajue Katiba inamruhusu kukodi tu, mwisho miaka 99, na ardhi ya kilimo ina vikwazo zaidi. Tafuta wakili wa ardhi, si binamu yako anayesomea sheria.

Ndege na wanyama inanihusu?

Inakuhusu. Risasi iliyopigwa juu inaweza kupanda zaidi ya mita 2,000, na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, unatoa ndege ndogo mchana kutwa kwenda Mara, Amboseli na kwingineko, zingine zinaruka chini. Ulizia mamlaka ya anga kuhusu njia zao. Wanyama vilevile, tambarare za Athi na Kitengela ni njia ya nyumbu na pundamilia wanaotoka mbuga ya Nairobi, hapo hata usiombe, KWS, watu wa wanyamapori, watakuja na wana haki.

Kelele itafika wapi?

Mbali kuliko unavyofikiria, hasa mbele. Mlio wa mdomo wa bunduki unaenda kwa nguvu zaidi upande unaolenga, na juu yake kuna ule mpasuko wa risasi inayopita kasi ya sauti, huo unatembea na risasi njia nzima. Ukuta wa mwamba unaurudisha. Kwa hivyo shule, kanisa, msikiti, zahanati visiwe mbele wala ubavuni karibu. Kubalianeni siku na saa na majirani, na muzifuate.

Kwa nini nisichukue karibu na mji, Kitengela au Ruiru, watu wafike rahisi?

Kwa sababu mji unakuja. Hii si ya Kenya peke yake. Wimbledon nje ya London ndipo mashindano makubwa ya Waingereza yalianza 1860, Malkia Victoria mwenyewe akifyatua risasi ya kwanza. Miaka 30 baadaye mji ulikuwa umefika, wakahamia Bisley, Surrey, 1890, na wako huko mpaka leo. Creedmoor kule Long Island, New York, ilifunguliwa 1873 kwenye lililokuwa shamba la familia ya Creed, watu wakienda kwa treni, na 1874 Marekani ikashindana na Ayalandi hapo kwa yadi 800, 900 na 1000. Haikumaliza miaka 20 kama uwanja wa kitaifa, nyumba zikaja na malalamiko yakaja nazo. Waliojifunza walienda mbali na wakachukua kubwa: Whittington Center karibu na Raton, New Mexico, ni zaidi ya ekari 33,000.

Sasa fikiria Kitengela ya miaka 20 iliyopita na ya leo. Wewe ukiweka renji leo mwenye ploti ya 50 kwa 100 anakuja kesho, na yeye ndiye atashinda kesi.

Upepo mwingi ni mbaya?

Kwa usalama si sana, kwa michezo inategemea. Upepo wa kando wa kilomita 16 kwa saa unasukuma risasi ya .308 zaidi ya mita 2 kwa yadi 1000. Walengaji wengine wanapenda hiyo, ndio mtihani wenyewe. Lakini mahali pa upepo wa kichaa kama mgongo wa Ngong, pale walipoweka mitambo ya umeme, mgeni anayejifunza atakuwa anatupa risasi nje ya shabaha siku nzima, na risasi nje ya shabaha tumeshaongea inaenda wapi.

Sina pesa ya kilima. Hakuna njia nyingine?

Iko, na kwa wengi ndiyo ya maana: fanya mita 100 mpaka 300, tuta refu, kuta za pembeni, na mbele ya mlengaji uweke mbao au zege za juu zilizopangwa hivi kwamba akilala pale hawezi kuona mbingu juu ya tuta. Asipoona mbingu, risasi haiwezi kuifikia. Inafanya kazi kama mlengaji anakaa pointi moja iliyowekwa, na si kwa mtu wa kutembea tembea na bunduki. Kwa mita 1000 hiyo haitoshi peke yake. Shabaha za chuma ziwe ngumu na zimeinama mbele kidogo ili vipande viende chini, na mlengaji asikae karibu ya mita 100 nazo.

Njia ya pili ni kukodi siku chache kwa mwezi kwenye ranchi kubwa iliyo na bonde tayari. Mwenye ranchi anabaki na ng'ombe wake, anawahamisha siku hiyo, nyinyi mnakuja na bendera, walinzi wawili wa redio kwenye njia, na mnaondoka na maganda yote.

Nimepata shamba, limepita yote haya, muuzaji anataka deposit kesho asubuhi. Nitume?

Usitume kesho. Fanya search ya taito, peleka mpima ardhi (surveyor) aonyeshe bikoni zote na wewe ukiwepo, na wakili aweke kwenye mkataba kwamba bodi ya silaha, kaunti au NEMA wakikataa, pesa yako inarudi yote. Muuzaji akikataa hicho kipengele, mwache auzie mwingine.